Kila mtu hapa ana timu yake, mimi sina: Khale anajibu

*Shikamoo Khale. Mimi ni kijana wa Tanga, niko Mombasa mwaka wa nne sasa, natengeneza simu pale Mwembe Tayari. Nimeposa binti wa Majengo na ndoa ni baada ya mfungo Inshallah. Shida ni hii. Nyumbani kwa wakwe zangu ni siasa asubuhi mpaka usiku, shemeji ni mtu wa chama, ukisema neno kinyume ni kama umetukana dini. Mchumba wangu naye ni Timu Diamond wa kufa na kuzikana, anaweza kukesha kwenye simu akigombana na mtu asiyemjua kwa sababu ya Alikiba. Mimi sina timu. Nasikiza wasanii wadogo wasio na lebo, hasa rafiki yangu mmoja wa Kisauni anayepiga gitaa na kuimba vitu vyake mwenyewe. Juzi mezani nikasema ukweli wangu, kwamba mashabiki wote ni wamoja, wa chama na wa staa, wanatumiwa na hawajijui. Mama mkwe akainuka akaenda jikoni hakurudi. Nimetolewa kwenye grupu la familia. Wiki hiyo hiyo rafiki yangu akaniambia ameitwa kuimba mkutano wa siasa Tononoka, nikamwambia amejiuza, sasa hapokei simu. Khale, mimi ni mgeni, sina hata kura hapa. Kosa langu ni lipi, kuona?*

*Mgeni wa Tudor*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikacheka peke yangu mpaka mjukuu akaniuliza bibi una nini, ya pili nikanyamaza kidogo, manake umefunga mizigo mitatu kwa kamba moja alafu mwisho wauliza kama kosa lako ni kuona. La. Macho hayana kosa. Kosa ni mdomo, na mdomo wenyewe ulikuwa umejaa chakula cha watu. Hukuniambia palipikwa nini siku hiyo lakini mimi ni mtu wa Mombasa najua, mchumba wa binti hapikiwi maharage, ile ilikuwa biriani, mama wa watu ameanza kukaanga vitunguu tangu asubuhi, na wewe una pande la kuku mkononi wauambia ukoo mzima kwamba hawajijui. Ningekuwa mimi singeenda jikoni, ningekunyang'anya sahani.

Wazee walisema mgeni ni kuku mweupe. Wewe ulidhani umekaa pembeni watazama watu, kumbe hapo pembeni ndipo unapoonekana zaidi, miaka minne watu wanakuangalia hana chama, hana timu, hana anayemlilia, huyu kijana ana nini? Alafu siku anafungua mdomo anatoa hukumu.

Sasa usidhani nakwambia ulisema uongo. Kuna ukweli mwingi tu katika maneno yako na mimi ningeyasema mahali pengine. Mwaka 2020 kule kwenu, kampeni za CCM, Diamond na Alikiba na Harmonize wote walipanda jukwaa la chama kimoja, na Harmonize huyo ndo kwanza alikuwa ametoka Wasafi, lebo ya Diamond, mwaka uliotangulia akaenda kuanzisha yake, watu wakagawana kama mirathi huyu kwa Konde, ndo Harmonize, huyu kwa Simba, ndo Diamond. Mashabiki wanatukanana mpaka mama zao, na mastaa wenyewe wameimba mkutano mmoja na kila mmoja akarudi kwake salama. Ukimuonyesha mchumba wako hilo atakwambia hiyo ni kazi, na atakuwa sawa, ila na wewe utakuwa sawa kidogo.

Lakini wewe uliposema "wanatumiwa" ulikuwa umemaliza kufikiri, na hapo ndo palikuwa pa kuanzia. Nikwambie kitu. Oktoba 2025 habari zilipokuja kwamba Raila amefariki kule India, jirani yangu mmoja muuza viazi karai alizima jiko, asubuhi, siku ya biashara, akageuza ndoo akakaa akalia. Mwanamume mzima ana wajukuu. Mimi na huu mdomo wangu nikamuuliza, kwani yule mzee alikupa nini? Akaniangalia vile mtu anavyomwangalia mtoto. Akasema hakunipa kitu, lakini 2007 nilikuwa kwenye foleni ya kumpigia kura, 2013 nilikuwa kwenye foleni, 2017, 2022, na wale tuliopanga foleni pamoja wengine tumeshawazika. Nikaona haya wallahi. Yule mtu hakuwa anamlilia mwanasiasa peke yake, alikuwa analia miaka yake, matumaini aliyoyaweka mahali pamoja yakashindwa na akayarudisha pale pale tena. Waweza kusema alikosea pa kuyaweka, hiyo ni haki yako. Kusema hajijui, hapana. Anajijua kuliko mimi na wewe, manake sisi hatujawahi kuweka kitu mahali kikaliwa.

Na hapo ndipo ninapokuja kwako, wewe na gitaa lako la Kisauni.

Wewe wasema hauna timu. Sawa. Wajua taarab yetu ya harusini inavyokwenda? Mwimbaji anaimba, wanawake wamekaa wametulia kama hawasikii, alafu unafika ubeti fulani, mmoja anainuka polepole na leso yake, noti iko kidoleni, anakwenda mpaka mbele anatuza, anarudi kukaa. Ukumbi mzima umeelewa. Ubeti ule ulikuwa wa mtu, na mtu mwenyewe yuko viti vitatu nyuma amekunja uso. Yaani kutuza si kulipa tu, ni kusema niko upande huu. Ndo ushabiki wetu huo, tuliuzoea kabla ya hizo timu za kwenye simu, na ndo uliowalisha kina Juma Bhalo na Zuhura Swaleh na Maulidi Juma. Hawakuwa na lebo kubwa za kuwabeba. Waliimba maharusini, kanda zikauzwa madukani kama kwa Mbwana pale mjini, watu wakabishana nani zaidi mpaka ndugu wakanuniana, na ile mibishano ndo ilikuwa tangazo. Huo muziki unaouita wa kujitegemea haujawahi kujitegemea siku hata moja mwanangu, umetegemea watu wenye kichaa kidogo, hao hao unaowaita hawajijui.

Kwa hiyo nakuuliza, na hili ulijibu moyoni usinitumie mimi: huyo rafiki yako umewahi kumtuza? Shoo zake ukienda unalipa mlangoni ama unapita na "mimi niko na msanii"? Wimbo wake umeuweka Skiza kwenye simu yako, usikike mtu akikupigia, wewe fundi wa simu ambaye kila mteja anakupigia? Maana mchumba wako Diamond akitoa wimbo saa sita usiku yeye saa sita na dakika moja ashautazama, ashautuma kwa watu arubaini, asubuhi anaamka kuwauliza kama wameutazama. Wewe wa kwako waupenda kimya kimya kama deni. Jamaa ana lipa studio kwa saa, ana lipa prodyusa, gitaa anabeba kwa bodaboda kutoka Kisauni mpaka ng'ambo, video akitaka ya maana ni kuuza kitu cha nyumbani, na shabiki wake namba moja ni mtu anayejisifu kwamba yeye si shabiki. Alafu anakuja mtu wa chama na bahasha, wewe ndo wa kwanza kuruka kumwambia amejiuza. Kwani wewe ulikuwa umeweka bei gani?

Tena historia iko upande wake kuliko unavyodhani. Muyaka bin Haji, yule mshairi wetu wa Mvita aliyefariki 1840, alikuwa na upande na hakuuficha. Alikuwa mtu wa Mazrui, ukoo uliotawala Mombasa, na Seyyid Said wa Oman alipokuwa anautaka mji Muyaka alikuwa anampiga kwa mashairi. Na upande wake ulishindwa, 1837 Mazrui wakapoteza Fort Jesus na mji. Mashairi mpaka leo watu wanayo vichwani. Na 2002 ule wimbo wa GidiGidi MajiMaji, wale vijana walijiimbia wao wenyewe kwamba hawatishiki, NARC, muungano wa upinzani, wakauchukua ukawa wimbo wa kuitoa KANU ya Moi madarakani, sidhani kuna aliyewaita wamejiuza. Siasa na wimbo wamekula sahani moja miaka mingi sana kabla yako kuvuka Lunga Lunga.

Tofauti iko na sitaificha. Muyaka aliamini alichokiimba. Rafiki yako sijui, na wewe pia hujui manake hukumuuliza, ulimhukumu. Kama rafiki ungemuuliza vitu viwili. Utaimba nyimbo zako ama utaimba jina la mtu? Na pesa unapewa kabla ya kupanda ama baada? Hili la pili usilione dogo, wasanii wengi wa mikutano wanaahidiwa jukwaani na kuzungushwa wiki tatu ofisini, mpiga kinanda mmoja ninayemjua alizungushwa mpaka uchaguzi ukapita na simu ya bwana mkubwa ikazimwa. Huo ndo ungekuwa msaada wa mtu anayeona vizuri.

Kuna mahali pamoja tu ambapo nataka uwe mkali, ukitaka uwe mkali kuliko ulivyokuwa, na hapo mimi nitasimama na wewe. Agosti 1997, miezi michache kabla ya uchaguzi, Likoni ilivamiwa, kituo cha polisi kikashambuliwa, askari wakauliwa, nyumba za watu waliotoka bara zikachomwa, maelfu wakakimbia na magodoro vichwani wengine wakajaa kanisani. Sisi tulikuwa upande huu wa kivuko twauona moshi. Ile haikuanza na mapanga, ilianza na maneno, huyu ni wa hapa, huyu si wa hapa. Kwa hiyo siku shemeji yako akiwa mezani anaimba chama chake muache aimbe, apige meza, avae fulana ya mgombea mpaka ipauke, hiyo ni ngoma yake. Lakini siku akianza kuhesabu nani wa hapa na nani mgeni, hapo weka kijiko chini na umwambie, shemeji, mimi ndo huyo unayemsema, mtanzania, naoa dadako mwezi ujao. Hilo laweza kusemwa na wewe peke yako pale nyumbani. Na uchaguzi ni Agosti 2027, muda upo wa kulihitaji.

Sasa ya kufanya. Mama mkwe usimtumie ujumbe, na usiombe kurudishwa kwenye grupu, mtu mzima haombi kurudishwa grupu. Nenda mwenyewe alasiri baada ya swala, chukua halwa kilo moja ya maana usiende na ile nusu ya kufungwa gazeti, mpelekee huko huko jikoni alikoenda siku ile. Usimwombe radhi kwa mawazo yako, manake atajua waongopa. Mwombe radhi kwa pahali uliposemea. Umwambie mama chakula kilikuwa kizuri na mimi nilikiharibu. Alafu muulize yeye alianza kupiga kura mwaka gani na alimpigia nani, unyamaze, usikilize mpaka amalize. Itachukua muda, kahawa italetwa mara ya pili. Simu uizime.

Mchumba sina wasiwasi naye, akikupenda nusu ya anavyompenda huyo Simba wake umepata mke.

Rafiki yako usimpigie tena. Subiri shoo yake inayofuata, hata kama ni Tononoka pale pale mbele ya mabango, uende. Kama kuna kiingilio lipa mlangoni kama watu. Ukifika ule wimbo wake unaoupenda, inuka, noti iwe mkononi, mwendee mbele za watu umtuze. Miguu itakutetemeka, unajua wazi utaonekana una upande. Na yule binti wa Majengo nenda naye, yeye kazi hii anaijua, mtu mmoja kama yeye kwenye ukumbi ni sawa na watu hamsini kama wewe.