Muulize Mjomba wa Safari: Tanga na familia wikiendi moja, inawezekana?

Toleo lililopita niligusia tu kwamba mtu wa Dar anaweza kwenda Tanga na familia wikiendi na Jumatatu akawa kazini, basi meseji zimemiminika kama nimetangaza ajira. Nimechagua chache, zile zinazofanana nimezijibu kwa pamoja.

Mjomba shikamoo. Mimi na mume wangu tuna watoto watatu, wa mwisho ana miaka minne, halafu mama mkwe yupo kwetu na anataka kutoka pia. Nimependekeza Tanga, mume anasema Tanga kuna mkonge tu, twende zetu Bagamoyo ni karibu. Mimi nimeshapanga mapango ya Amboni, Tongoni, Pangani, makumbusho na kuogelea. Gari ni Noah. Tukitoka Jumamosi tukarudi Jumapili tutaviweza vyote? Na njia ipi nzuri? – Mama Watatu, Tabata

Marahaba mama. Kwanza nimtetee baba kidogo, kama mngekuwa na siku moja tu ningemuunga mkono, Bagamoyo mnaenda na kurudi na jua bado lipo. Ila mkishakubali kulala nje usiku mmoja, Tanga. Bagamoyo mtaenda hata siku ya sikukuu yoyote inayowakuta nyumbani.

Sasa wewe nawe ratiba yako hiyo ni ya wiki nzima, siyo ya wikiendi. Dar mpaka Tanga ni kilomita kama 350, na kwa barabara yetu yenye vijiji, matuta na vibao vya 50 hesabu saa sita ukiweka na kujisaidia njiani, maana watoto watatu hawajisaidii kwa pamoja hata siku moja. Kwa hiyo Pangani toa. Najua inauma, mji mzuri ule, lakini ni kilomita hamsini hivi tena kutoka Tanga mjini na mkienda mtajikuta mnashinda kwenye gari mchana kutwa halafu mnarudi mmechoka mkidai Tanga haina kitu, na mume atakuwa ameshinda kesi.

Njia ziko mbili. Ya kawaida ni Kibaha, Mlandizi, Chalinze halafu mnakata kulia kwenda Msata, Wami, Mkata, Kabuku mpaka Segera. Ya pili mnapita Tegeta, Bunju, Bagamoyo halafu mnachukua ile lami ya Bagamoyo–Msata, kilomita 64, mnaibukia Msata na kuungana na wenzenu. Kwa mtu wa Tabata ya kwanza ndiyo ya karibu, ila Jumamosi asubuhi malori ya Chalinze yanachosha na kuovateki pale kunahitaji moyo, mimi na familia ndani naenda ya Bagamoyo. Faida nyingine, mnapita Kiwangwa kwenye mananasi. Hapo Wami msiogope hadithi za zamani za kusubiriana, lile daraja jembamba la gari moja moja tumeshaachana nalo, sasa kuna jipya.

Tokeni saa kumi na moja alfajiri, watoto wamelala bado, mnawabeba na mablanketi yao. Saa moja na nusu mbili hivi mnakunywa chai Msata, saa nne Segera. Pale Segera mnaacha barabara ya Moshi mnakata kulia, zimebaki kilomita 70 na ushee, na hapo ndipo baba atauona mkonge wake. Muulizeni kama anajua ulifikaje. Mjerumani mmoja anaitwa Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida mwaka 1893, ikapita Hamburg, njiani ikafa karibu yote, iliyopona ni 62 tu, ikapandwa Kikogwe kule Pangani, na hayo mashamba yote mnayoyaona yana asili kwenye hiyo miche 62. Watoto wa shule wanapenda hesabu za namna hiyo. Trafiki nao wanapenda sana kipande hicho, ukiona kibao cha 50 shuka mpaka 50 kweli, tochi ya kupimia mwendo ipo nyuma ya mti. Na kabla ya kutoka Dar hakikisheni mtungi wa kuzimia moto haujaisha muda, zile pembetatu nyekundu zipo na tairi la spea lina upepo.

Mkifika mjini saa tano sita, mizigo gesti, mle kwanza. Mchana huo Amboni, ni kama kilomita 8 tu kutoka mjini barabara ya kwenda Horohoro. Jioni ufukweni Raskazone, angalieni maji yanajaa saa ngapi kabla ya kuwavalisha watoto nguo za kuogelea maana yakishakupwa mtaogelea kwenye matope. Usiku Ngamiani, mitaa ile inahesabiwa kwa namba, barabara ya kwanza, ya pili, ya tatu na kuendelea, hivyo kupotea ni ngumu, mnatafuta mishkaki na mkate wa kumimina mnakaa hapo nje kama wenyeji.

Jumapili asubuhi, na hapa ndipo nasisitiza kabisa, Tongoni. Kama kitu kimoja tu kinafaa kubaki kwenye ratiba yako ni hiki, Amboni ikibidi iondoke. Ni kilomita 17 hivi kusini, barabara ya Pangani. Watu wengi hawaendi kwa sababu kwenye picha ni mawe tu. Ni msikiti wa mawe ya matumbawe na chokaa uliobaki kuta na mihrabu, na kando yake makaburi arobaini hivi, mengi ni ya nguzo, hakuna sehemu nyingine Afrika Mashariki yenye makaburi ya nguzo mengi kiasi hicho mahali pamoja. Ni mji wa Waswahili wa miaka ya 1400 huko, kabla hajaja Mreno wala Mjerumani, na hilo mimi ndiyo nataka watoto walijue mapema, kwamba historia ya pwani haikuanza na mtu wa kutoka nje kushuka melini. Nguzo nyingi zimeanguka. Zisogeleeni, mtaona vishimo vya duara kwenye chokaa, vimechongwa vizuri kabisa, hapo zilipachikwa bakuli na sahani za kauri zilizokuja na biashara ya baharini, zenyewe zimeng'olewa zamani, limebaki umbo lake. Mwambie mkubwa ahesabu vishimo mdogo atafute vipande vya nguzo kwenye majani, nusu saa inaisha hawajasema wanataka simu. Msipande juu ya makaburi tu, na vitu mnavyoona vimewekwa pale msiguse, wapo wenyeji wanaokwenda kuomba mpaka leo.

Halafu hadithi ya Vasco da Gama, yule baharia Mreno, ipo hapohapo. Januari 1499 anarudi kutoka India mabaharia wamekufa kwa kiseyeye mpaka hawatoshi kuendesha meli zote, moja iitwayo São Rafael akaichoma moto kwenye mafungu ya baharini karibu na Tongoni, watu wakahamia zilizobaki. Simama ufukweni hapo uelekeze kidole baharini, inatosha, mwalimu hana kifaa kizuri kuliko hicho.

Makumbusho ya Urithi, ile boma ya Wajerumani karibu na bandari, ingieni kama muda umebaki. Saa sita mchana muwe mmeshawasha gari kurudi.

Mjomba, mama yangu ana miaka 70 magoti yanasumbua, na mjukuu wake ni mdogo. Amboni wanaingia? Na ni kweli pango linatokea Mombasa? – Dada wa Mbagala

Mtoto anaingia, bibi hapana. Ndani kuna sehemu pana unatembea umesimama kama upo ukumbini, halafu kuna sehemu unainama na pengine unatambaa, sakafu inateleza na giza ni giza kweli, anayeongoza akizima tochi kwa utani mtoto mdogo atalia mpaka Segera. Bibi akae nje kivulini na mtu mmoja, tena naomba huyo mtu awe ni baba, siyo mama kila siku. Vaeni raba, kandambili mziache kwenye gari, beba tochi yako hata kama mwongozaji anayo. Popo wapo, harufu yao ipo, mwambieni mtoto mapema asije akashtuka.

Kuhusu Mombasa, hiyo utaisimuliwa, na nyingine ya mbwa aliyeingia akatokea Kilimanjaro. Wataalamu walipopima mwaka 1994 wakakuta ni mapango kumi yasiyoungana, na refu kuliko yote lina mita 900. Usimkatize mwongozaji lakini, mwache amalize, hadithi ni nusu ya kiingilio. Muulize badala yake habari za Otango na Paulo Hamasi, wale waliojificha humo miaka ya 50 wakitafutwa na polisi wa mkoloni, wengine wakiwaita majambazi na wengine mashujaa waliowaibia matajiri wakawapa maskini. Hiyo hata bibi ataipenda, atawaambia yeye alisikiaje.

Mwanangu kaambiwa eti nyuki ndio waliowapiga Waingereza Tanga. Nimemwambia ni uongo akabisha. Nani mkweli? – Baba Mbishi, Sinza

Mwanao, ila siyo kwa asilimia zote. Ni Novemba 1914, Waingereza wameleta jeshi la kutoka India, watu kama 8,000, wakashuka upande wa Raskazone wakidhani ni kazi ya asubuhi moja. Walichelewa kupanga, na kamanda wa Wajerumani waliokuwa wakiitawala Tanga, Lettow-Vorbeck, akapata muda wa kuteremsha askari wake kwa treni kutoka Moshi, jumla yao kama 1,000 tu, wengi wao askari Waafrika. Vita kubwa ikawa tarehe 4, na katikati ya risasi mizinga ya nyuki iliyokuwa kwenye miti ikavurugwa, nyuki wakatoka na hasira. Waingereza baadaye walisema Wajerumani waliwatega, lakini nyuki waling'ata pande zote mbili, hawakuangalia bendera. Tarehe 5 Waingereza wakarudi melini wakiacha bunduki na risasi nyingi ufukweni. Kilichowashinda ni maandalizi mabovu na reli ya wenzao, nyuki waliongezea chumvi. Makaburi ya wanajeshi wa vita ile yapo Tanga mjini, mpeleke akasome majina, atakuta ya Kihindi mengi na atakuuliza swali gumu zaidi: hao walifuata nini huku.

Nina IST. Nataka nipite Bagamoyo, Saadani, Pangani mpaka Tanga, nimesikia ni njia ya mkato na nitaona wanyama bure. – Baba wa Kimara

Bure haipo, ile ni hifadhi ya taifa na ina geti. Barabara yenyewe inajengwa kwa vipande, sehemu lami sehemu udongo, na IST ilivyo chini mvua ikinyesha utaita trekta. Mto Pangani nao unavuka kwa pantoni, na pantoni haina haraka na wewe. Ukiwa na gari la juu na siku tatu nne nenda, ni safari tamu sana. Kwa wikiendi na familia zungukia Segera kama wengine.

Sisi hatuna gari Mjomba, tusisome tu? – Wawili wa Buza

Someni na muende. Basi mnapanda Mbezi stendi ya Magufuli, chukueni la alfajiri, mnashuka Kange, stendi ya Tanga. Kutoka Kange mpaka mjini daladala zipo na bajaji zipo, mkiwa na mizigo pandeni bajaji ila mpatane bei kabla hamjakaa. Amboni ni bajaji, mwambieni awasubiri. Tongoni pandeni magari ya Pangani, mwambieni konda "Tongoni magofuni" tangu mnapanda maana akisahau mtajikuta Pangani kweli. Tiketi ya kurudi Jumapili nunueni Jumamosi hiyohiyo mnaposhuka, mchana wa Jumapili zinaisha. Na Muheza basi likisimama, machungwa yanaletwa dirishani, msinunue ndoo nzima, mtayashikilia magotini mpaka Mbezi.