Kitu Kizito ni Kilo Ngapi?

Siku Baba aliporuhusiwa kutoka hospitali baada ya upasuaji wa moyo uitwao baipasi, nesi alisimama kando ya kitanda akatusomea maagizo: asinyanyue kitu kizito, apunguze chumvi, asiache dawa, arudi kliniki baada ya wiki mbili. Haikufika dakika kumi. Baba aliitikia kila kitu, "sawa mwanangu, sawa," huku mimi nikihesabu mifuko na kuwaza bili. Tukarudi Tanga tukiamini tumeelewa.

Wiki ya tatu nikamkuta uani anatembea na ndoo ya maji, ile ya lita 20. Nilipopiga kelele akanishangaa. Baba ni fundi seremala, ana miaka 63, na ujana wake wote amebeba mbao za mninga. Kwake kitu kizito ni mfuko wa saruji. Ndoo ni ndoo tu. Usiku ule kifua kikaanza kulia "ka, ka" kila akigeuka. Tukamkimbiza hospitali. Namshukuru Mungu, picha ilionyesha mfupa wa kifua haujaachana.

Daktari wa zamu alivuta kiti akaketi. Alitueleza kwamba katika operesheni ya baipasi mfupa wa katikati ya kifua hukatwa kwa msumeno, kisha hufungwa kwa nyaya za chuma, na huchukua wiki 6 hadi 12 kuunga. Kwa muda huo mgonjwa asinyanyue zaidi ya kilo 4 au 5. Kisha akamgeukia Baba: "Mzee, ukishaunga mbao kwa gundi, unaitikisa kabla haijakauka?" Baba hajagusa ndoo tena.

Ndiyo maana naandika. Kama una mzazi au mwenza anayesubiri upasuaji huu, usiridhike na maagizo ya jumla. Uliza kwa vipimo vya nyumbani kwenu. Ndoo? Mjukuu wa miaka miwili? Geti la kusukuma? Atapanda bodaboda lini? Anasujudu vipi wakati kujiinua kwa mikono kunavuta kifua? (Baba aliswali akiwa ameketi kitini mpaka daktari alipomruhusu kusujudu.) Wageni watakaokuja kumpa pole kwa kumkumbatia na kumvuta mkono, tuwaambie nini? Hata kukohoa kuna namna yake: anakumbatia mto kifuani, ndipo anakohoa.

Na uliza mapema, kabla ya operesheni, kichwa cha mgonjwa kikiwa bado kizima. Siku ya kuruhusiwa ana maumivu, ana usingizi wa dawa, anataka kwenda kwake. Nendeni wawili, na mmoja awe yule atakayepika. Mwombeni nesi ruhusa ya kurekodi maelezo kwenye simu. Sisi tulipewa karatasi ya Kiingereza ambayo Mama, mpishi wa nyumba nzima, hakuweza kuisoma. Nililazimika kukaa naye jikoni nimtafsirie mstari kwa mstari.

Dawa nazo zilitupa taabu. Mwezi wa pili Baba aliacha aspirini ile ndogo na dawa ya kushusha mafuta mwilini, kwa sababu "moyo si umeshatengenezwa." Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba baipasi haiondoi ugonjwa. Madaktari huchukua mshipa, mara nyingi wa mguuni (ndiyo sababu mguu nao una mshono na huvimba), wakaufanya njia ya pembeni ya damu kupita palipoziba. Mafuta yaliyoziba mshipa wa kwanza yanaweza kuziba na huu. Alipoelewa hivyo alirudi kwenye dawa bila kubembelezwa. Maumivu yakimshika, msimnunulie diklofenaki wala ibuprofeni dukani. Kwa mtu aliyetoka kufanyiwa baipasi ni hatari. Ulizeni kwanza.

Halafu kulikuwa na habari ya mchicha. Jirani yake wodini alibadilishiwa valvu, yaani mlango wa damu ndani ya moyo, anatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda ambayo mboga za majani huweza kuipunguza nguvu, na alifundishwa kuwa makini nazo. Baba akasikia, akajipangia naye. Mwezi mzima hali mchicha wala matembele, wakati yeye hakuwa na warfarini kabisa. Maagizo ya kitanda cha pili si yenu.

Jambo lililoniumiza zaidi ni machozi. Baba, ambaye sikuwahi kumwona akilia hata msibani, alikuwa analia kwa kusikia taarifa ya habari. Hali, halali, hataki watu. Shangazi akasema amerogwa, tukaanza kutazamana vibaya na majirani. Kumbe huzuni ya namna hii huwapata wengi baada ya upasuaji wa moyo, na ina tiba. Laiti tungeambiwa kwa sentensi moja tu.

Zipo dalili ambazo hazisubiri kliniki: homa, kidonda kuwa chekundu au kutoa usaha, kupumua kwa shida, maumivu ya kifua yaliyo tofauti na ya mshono, moyo kwenda mbio bila mpango, au uzito kuongezeka kilo 2 ndani ya siku chache, maana hayo ni maji yanajaa mwilini. Tafuteni mizani.

Swali la chumbani Baba hakuweza kuniuliza mimi binti yake, na mimi sikuthubutu. Mama ndiye aliyemfuata nesi faragha. Akajibiwa bila kuchekwa: akiweza kupanda ngazi za ghorofa mbili bila kifua kuuma wala pumzi kukata, kwa kawaida hakuna shida. Ila vidonge vya nguvu za kiume asiguse bila daktari, hasa kama amepewa dawa ya moyo ya kuweka chini ya ulimi, kwa kuwa vikikutana presha hushuka ghafla na vinaweza kuua.

Sasa tuna daftari. Kila swali linalozuka nyumbani huandikwa humo, na siku ya kliniki tunakwenda nalo. Mara ya mwisho nililifungua nikakuta Baba ameandika mwenyewe kwa penseli yake ya kupimia mbao: "Randa lini?" Daktari akamjibu baada ya miezi mitatu, aanze na vipande vidogo, na mbao anyanyuliwe na kijana.