Usivute video nzima, chungulia maboksi tu

Kuna jamaa yangu hapa Ngamiani, Tanga, anapiga video za harusi. Harusi ikiisha anabaki na klipu kama 200, za kamera mbili, rekoda ya sauti na simu za mashangazi, hajui ipi ya saa ngapi wala ina dakika ngapi. Akaniambia, "Mwanangu we si mtu wa kompyuta, nifanyie kaukurasa nichague mafaili yote yajipange kwa saa, ila usinipandishie kitu mtandaoni, bando langu nalijua mwenyewe." Nikamwambia hiyo ndogo, nipe jioni moja. Ilinila wiki tatu, so nawaambia nilipopigwa ili nyie mpite salama.

Kosa la kwanza la kijinga kabisa, nilisoma faili lote kwa mpigo na `arrayBuffer()`. Kwangu, na klipu ya sekunde 10, mambo yalikuwa yanateleza. Nikapeleka kwa jamaa, akachagua klipu ya ukumbini ya GB 3.8, feni ya laptopu ikaanza kulia, brauza ikaganda, ukurasa ukafa. Mi nimesimama pale kama mwizi wa kuku. Na nilichokuwa nakitafuta, tarehe na urefu, hakifiki hata baiti 40 kwenye hizo GB zote!

Dawa ni `slice`, amri ya JavaScript ya kukata kipande cha faili. Faili alilochagua mtu kwenye brauza halijaingia kwenye memori bado, ni kama risiti ya mzigo ulioko godauni, unayo mkononi lakini mzigo wenyewe uko kule. Ukiandika `faili.slice(0, 16)` halafu ndo ukaita `arrayBuffer()` kwenye hicho kipande, zinasomwa baiti 16 basi. GB 3.8 au KB 3, yote sawa.

Sasa ukisha kuwa na kipande utaona kitu kama hiki, hii ni ya kwake kweli:

`00 00 00 18 66 74 79 70`

MP4 ni maboksi yamepangwa foleni, na kila boksi linaanza hivyo. Baiti 4 za kwanza ni ukubwa wake, hapo 18 ya heksa (hesabu ya kumi na sita) ndo 24 yetu ya kawaida, na 4 zinazofuata ni jina, f-t-y-p. Hiyo 24 imeshahesabu na kichwa chenyewe cha baiti 8 (mi nilikuwa naongeza 8 tena juu, nikawa nadondokea katikati ya mambo yasiyonihusu). Kwa hiyo boksi la pili linaanzia baiti ya 24, unaenda pale, unakata tena 16, unakuta `mdat` ambalo ndo limebeba picha na sauti zote, hilo hulifungui, unaruka kwa ukubwa wake unatua kwenye `moov`, na taarifa zote zimo humo. Miruko mitatu minne umemaliza.

Video za simu na kamera `moov` mara nyingi iko mwishoni, maana kifaa hakijui utarekodi dakika ngapi mpaka ubonyeze kusimamisha. Ndo maana simu ikizima chaji bibi harusi yuko mlangoni, faili linabaki na `mdat` bila `moov` na halichezi. Shangazi mmoja lilimkuta. Ukurasa wako ukikosa `moov` mwambie mtu hivyo hivyo, usimwandikie "hitilafu", kwa sababu picha zake bado zimo na kuna programu zinaweza kulifufua zikipewa video nyingine nzima ya simu ile ile.

Ila hapo kwenye ukubwa usiamini haraka. Ukikuta 1, sio baiti moja, maana yake namba haikutosha kwenye baiti 4 (mwisho wake GB 4) na ukubwa halisi uko kwenye baiti 8 zinazofuata jina, ndo maana nakata 16 sio 8, unasoma kwa `getBigUint64` unageuza kuwa namba ya kawaida. Ukikuta 0, boksi linaenda mpaka mwisho wa faili. Hii mi sikuijua, lupu yangu ikawa inajumlisha 0, inarudi pale pale, inajumlisha 0, usiku kucha ingekuwa inazunguka. Ukikuta 2 mpaka 7, faili bovu, toka.

Ndani ya `moov` tafuta boksi dogo la `mvhd`, ndo lenye tarehe na urefu. Angalia kwanza baiti ya toleo: toleo 0 tarehe na urefu ni baiti 4 kila moja, toleo 1 ni 8, ukichanganya unapata harusi ya miaka elfu. Urefu ugawe kwa kipimo kilichoandikwa mle mle, yaani 754000 kwa 1000 ni sekunde 754, dakika 12 na sekunde 34. Tarehe inahesabiwa sekunde tangu 1904, sio 1970, toa 2082844800, halafu zidisha kwa 1000 kabla hujaipa JavaScript, maana yenyewe inahesabu milisekunde. Klipu zenye tarehe 0 zikatuonyesha mnuso wa enzi za Mjerumani, jamaa alicheka mpaka akakaa chini. 0 iandikie "haijulikani". Halafu ile saa inatakiwa iwe ya UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma yetu kwa saa 3, ngoma ya saa saba na nusu usiku kwetu kule bado ni jana yake, so ionyeshe kwa saa ya mashine yake, na kuna kamera zinaandika saa ya hapo hapo bila kujali, kwa hizo nikaweka kitufe cha kusogeza saa 3.

Rekoda ya sauti ndo ilinimalizia wiki ya mwisho. Inatoa WAV, na WAV namba zake zimeandikwa kinyume, baiti ndogo mbele. 48000, idadi ya sampuli za sauti kwa sekunde, mi naisoma 2159738880! `DataView`, kile kisomeo cha namba cha JavaScript, isipoambiwa kitu inasoma kwa mpangilio wa MP4, baiti kubwa mbele, kwenye WAV lazima umalizie na `true`, `getUint32(24, true)`. Neno moja, siku nne.