Kelele za mtandaoni zinafika serikalini?

SWALI: Shangazi, shikamoo. Vijana wa Kilifi tunasambaza picha za mikoko iliyokatwa. Watu wanapenda, wanasikitika, basi. Sera ya tabianchi itabadilika kweli?

JIBU: Marahaba mwanangu. Picha peke yake haitoshi. Watu wa Lamu walipinga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe mitandaoni, lakini pia walikwenda kwenye mahakama ya mazingira. Juni 2019 leseni ikafutwa. Sababu mojawapo: wananchi hawakuwa wameshirikishwa ipasavyo. Kwa hiyo mnapochapisha, tajeni mswada wa sheria unaojadiliwa, maoni yanapelekwa wapi, mwisho lini. Wavuvi warekodieni ujumbe wa sauti kwa Kigiriama, maana bando la kupakua waraka mrefu hawana. Majibu yao yaandikeni, myapeleke kaunti, na msiondoke bila nakala iliyogongwa muhuri.