Kidonda cha mama kinatoa majimaji miezi minane baada ya upasuaji wa moyo

Pole sana, dada wa Tukuyu uliyeuliza kuhusu kidonda cha mama yako. Kovu kutoa majimaji miezi minane baada ya kubadilishiwa valvu (mlango wa moyo unaopitisha damu upande mmoja), pamoja na homa za jioni na jasho la usiku, si jambo la kumalizia duka la dawa. Mpeleke mama Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya wiki hii. Akianza kutetemeka kwa homa, kuishiwa pumzi, au mfupa wa kifua ukicheza anapokohoa, nendeni siku hiyohiyo.

Usimpe antibaiotiki nyingine kabla hajachukuliwa sampuli ya usaha na damu, labda daktari aamue hali haingoji. Dawa zikitangulia, bakteria huenda wasiote maabara. Na kipimo cha makohozi ulichotaja kutoonyesha TB hakumalizi maswali. Wapo bakteria adimu, ndugu wa wale wa TB, waitwao Mycobacterium chimaera. Ulaya na Marekani walihusishwa na mashine za maji zinazorekebisha joto la damu wakati wa upasuaji wa moyo. Hukua polepole mno. Dalili huweza kuchukua hata miaka, na kuwaotesha huchukua wiki kadhaa. Sisemi mama anao, ila mwombe daktari awafikirie na valvu ipimwe kwa eko, yaani kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti.

Bebeni karatasi zote za upasuaji. Kama anatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asiiache, na mtajieni daktari kila kidonge alichomeza: baadhi ya antibaiotiki huvuruga kipimo cha kuganda kwa damu. Kidonda msikikamue, wala msipake majani.