Mtoto hulia vilevile: kwa wauguzi wapya wa vituo vya Pemba

Wadogo zangu mnaokuja kuanza kazi kwenye vituo vya afya huku Pemba, karibuni. Ratiba ya chanjo mmeisoma na mnaijua kwa moyo: ya kifua kikuu na matone ya polio mtoto anapozaliwa, pentavalenti (chanjo moja inayokinga magonjwa matano) wiki ya 6, ya 10 na ya 14, surua na rubela miezi 9 na tena miezi 18. Hapo sina la kuongeza. Ninayotaka kuwaambia ni yale yanayotokea kati ya friji na paja la mtoto, maana kazi hii ina ubaya wake: ukikosea leo, leo hutaona. Chanjo nzima na chanjo iliyoharibika zinafanana ndani ya bomba la sindano. Mtoto hulia vilevile, mama hushukuru vilevile, kadi hujazwa vilevile. Kosa hujitokeza miaka kadhaa baadaye, surua ikishaingia kijijini, na wakati huo hakuna anayeikumbuka asubuhi ile.

Nianze na baridi. Kwa hali ya hewa yetu kila mtu anaogopa joto, na umeme ukikatika wazo la kwanza ni barafu. Chanjo zinatakiwa zikae kati ya nyuzi 2 na 8, na ule upande wa chini ndio unaosahaulika. Pentavalenti, ya nimonia, ya pepopunda na ile ya saratani ya mlango wa kizazi zikiganda zimekwisha, hata zikiyeyuka haziwi chanjo tena. Ile alama ya kichupani haitakusaidia hapo. Inaonyesha joto tu: mraba wa ndani ukifikia rangi ya duara lake, au ukalipita kwa weusi, kichupa hicho usikitumie. Lakini kichupa kilichoganda usiku kikayeyuka alfajiri kitakuwa na alama nzuri kabisa. Kwa hiyo kipimajoto kisomwe asubuhi na jioni, hata siku za mapumziko, na uandike namba uliyoiona kwa macho yako. Nimeona karatasi za joto zilizojazwa nyuzi 4 mwezi mzima kwa kalamu moja na mwandiko mmoja. Karatasi kama hiyo ni bora isingekuwepo, kwa sababu inamdanganya anayekuja zamu baada yako.

Siku ya huduma za mkoba, tunapowapelekea watu chanjo huko waliko, ndiyo siku ya hatari zaidi. Toa pakiti za barafu kwenye friza mapema, zipange mezani, ziache zitoe jasho. Halafu chukua moja uitikise karibu na sikio. Ikiwa kimya, bado. Ukisikia maji yanacheza ndani, ipanguse uitie kwenye kibebeo cha chanjo, kisha ufanye hivyo kwa ya pili na ya tatu, kila moja peke yake. Boti ya kisiwa cha Fundo itakuwa inangoja, maji yanakupwa, nahodha anaita, mwenzako anakwambia twende zetu. Ngoja usikie maji. Ukiwahi boti na pakiti zilizo ngumu kama mawe, chanjo zilizozigusa zitaganda kabla hujafika.

Ukishuku kwamba chanjo imeganda, ipime kwa kuitikisa. Chukua kichupa cha chanjo ileile, kutoka kiwanda kilekile na toleo lilelile, ukigandishe makusudi mpaka kiwe kigumu, ukiyeyushe, kisha kitikise pamoja na kile unachokishuku na uviweke mezani mbele ya mwanga. Kilichoganda hutuama haraka, chini kukawa na mashapo na juu maji maangavu. Kama kile unachokishuku kinatuama kwa kasi hiyohiyo, hicho ni cha kutupwa pamoja na vyote vilivyokaa nacho mahali pamoja. Inachukua kama nusu saa, na ni nusu saa ya halali.

Chanjo ya surua na ya kifua kikuu huja zikiwa unga, na hapa nawaomba sana mnisikilize. Kila unga una maji yake ya kuchanganyia, yaliyotoka nao kiwandani. Mwaka 2014 huko Idlib, Syria, watoto 15 walikufa baada ya chanjo ya surua kuchanganywa na dawa ya kulegeza misuli inayotumika chumba cha upasuaji, iliyodhaniwa ni maji ya chanjo. Ndiyo maana kwenye friji ya chanjo hakiwekwi kitu kingine. Si dawa ya mgonjwa wa sukari, si dawa ya kuzuia damu baada ya kujifungua, hata kwa usiku mmoja, hata akiomba mkubwa wako. Ukishachanganya, andika saa juu ya kichupa. Zikipita saa 6, au kliniki ikimalizika kabla ya hapo, kilichobaki kinatupwa. Mei 2017 watoto wengine 15 walikufa Kapoeta, Sudan Kusini. Bomba moja lilitumika kwa watoto wengi kwa siku 4, na chanjo haikuwa kwenye baridi muda wote huo. Unga ukishachanganywa hauna kitu cha kuzuia vijidudu, na vikiingia huzaana.

Sheria hiyo ya saa 6 huzaa tatizo jingine. Kichupa cha surua kina dozi 10, amekuja mtoto mmoja, na muuguzi anaogopa kupoteza dozi 9. Anamwambia mama arudi Alhamisi wenzake watakapokuwepo. Mimi nasema kifungue. Yule mama ameacha shamba, ameomba ruhusa nyumbani, amelipa nauli ya daladala au amevuka bahari na mtoto mgongoni. Pengine Alhamisi mumewe yuko dago, kwenye kambi ya wavuvi, na hana wa kumwachia watoto wengine. Dozi 9 zina bei, ila mtoto aliyerudishwa mlangoni mara nyingi harudi tena. Ukiulizwa kuhusu upotevu, onyesha rejista na ujieleze.

Kuhusu sindano nitasema machache kwa sababu haya mnayajua, tatizo ni kuyafanya siku kliniki imejaa. Usiirudishie sindano kifuniko. Boksi la usalama, la kutupia sindano zilizotumika, liwe mkononi mwako, si chumba cha pili, na likifika robo tatu lifungwe. Usilishindilie kamwe. Mikono ioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka sekunde 40 hadi 60. Glavu si badala ya kuosha. Na wewe mwenyewe, umechanjwa homa ya ini B? Dozi ni 3: leo, baada ya mwezi, na mwezi wa 6. Sindano iliyotoka kwa mwenye ugonjwa huo inaweza kuambukiza hadi watu 30 kati ya 100 waliochomwa bila kinga, wakati kwa VVU ni kama 3 kati ya 1000. Ukichomwa, usiminye kidonda. Osha kwa sabuni na maji, toa taarifa saa hiyohiyo, dawa za kuzuia VVU zianze haraka iwezekanavyo na zisipite saa 72. Wapo wanaonyamaza kwa kuona haya. Usinyamaze.

Jambo ambalo vituo vingi hulipitia ni benchi la kungojea. Kirusi cha surua hukaa hewani hadi saa 2 baada ya mgonjwa kuondoka. Sasa mtoto mwenye homa, macho mekundu na vipele akikaa katikati ya watoto wachanga waliokuja kupimwa uzito, sisi ndio tunaosambaza surua. Ukifika asubuhi, pita kwenye benchi kwanza. Mtoto wa namna hiyo mpeleke yeye na mama yake sehemu ya peke yao, kwenye hewa, hata ikiwa chini ya mwembe.

Ama kina mama, semeni nao kwa adabu. Mama aliyefokewa mbele ya wenzake kwa kadi iliyoloa au kupotea hatakuja tena, na jirani zake watasikia. Mwambie ukweli kabla ya sindano: usiku mtoto anaweza kupata homa, paja likavimba, hali hiyo huisha siku moja au mbili, na akizidiwa amlete. Asipoambiwa, homa ile itakuwa ushahidi kwamba chanjo ni sumu. Akiwa na wasiwasi, mjibu bila haraka, na sheha (kiongozi wa shehia) na mwalimu wa chuo cha Kurani wawe watu wako kabla ya uvumi, si baada yake. Unaweza kumsimulia yaliyotokea hapahapa visiwani mwaka 2009, watu wapatao 24,000 wa Unguja na Pemba waliponyweshwa dozi mbili za chanjo ya kipindupindu. Kwenye mitaa ambayo wengi waliinywa, hata wasioinywa waliugua kwa uchache. Kina mama wanaelewa haraka sana habari ya kuwalinda watoto wa jirani.

Kila wiki pitieni rejista mtafute waliokosa, muwape majina wale wa kujitolea wa shehia. Msimu wa karafuu mtakuta nyumba zimefungwa, watu wako kwenye makambi ya kuchuma. Ulizeni kambi ipi, kisha mpigie simu mwenzako wa kituo kilicho jirani nayo umtajie jina la mtoto na dozi anayodaiwa. Mama aambiwe mapema kwamba kadi yake inapokelewa kituo chochote, na aiweke pamoja na nguo za mtoto anapofunga mzigo.