Anza na Kizibo cha Soda, Mwalimu

Miaka yangu ya kwanza nilifundisha uwezekano vibaya. Nachora sarafu ubaoni, naandika nusu, nagawa mazoezi. Alama walipata. Siku moja nikauliza Gredi ya 8: uwezekano wa mvua kunyesha Kisumu kesho ni upi? Karibu wote wakajibu, "Nusu, Mwalimu." Itanyesha au haitanyesha, basi nusu. Kosa hilo nililipanda mimi.

Tangu hapo naanza na vizibo vya soda, ambavyo vibanda vya mtaa wa Kondele hutupa kila jioni. Kila mwanafunzi aandike kwanza anachotarajia: kati ya marusho 20, kizibo kitalala chali mara ngapi? Hatua hiyo ya kuandika usiiruke. Asiyeandika atadai baadaye kwamba alijua. Kisha warushe, wahesabu, nawe ujumlishe ubaoni. Watoto 40 wanakupa marusho 800. Madawati yatapishana na kubishana, lakini jumla inavyokua ndivyo hesabu inavyotulia, na si lazima itulie kwenye nusu. Kizibo kina meno upande mmoja na mgongo upande wa pili, hakijui usawa.

Sarafu zije kesho yake, na ziwe mbili za aina tofauti: ya shilingi 5 yenye kifaru na ya shilingi 10 yenye simba, zile za 2018, zenye nembo ya taifa upande wa pili. Uliza uwezekano wa kupata mnyama mmoja na nembo moja. Watasema thuluthi, maana wanaona mambo matatu: wanyama wawili, nembo mbili, au mchanganyiko. Waache warushe kwanza. Hata d'Alembert, mwanahisabati mkubwa wa Ufaransa, mwaka 1754 aliteleza kwenye swali la aina hii: alisema uwezekano wa kupata kichwa angalau mara moja katika marusho mawili ni thuluthi mbili, ilhali ni robo tatu.

Msichana mmoja wa karibu na dirisha alizipanga zake mezani, akazipindua moja moja, akanyamaza. Kisha: "Ziko nne, Mwalimu. Kifaru na nembo si sawa na nembo na simba." Mbili kati ya hizo nne ni mchanganyiko, basi jibu ni nusu, si thuluthi. Sarafu zikifanana, hilo halionekani kirahisi.

Usimalize mada bila kugusa kamari. Vijana wetu wanaiona kila siku njiani. Mvulana aliniambia kaka yake kapoteza mikeka mitano ya kubashiri mfululizo, "kwa hivyo wa sita lazima uingie." Nikalirudisha darasa kwenye sarafu. Kila dawati lililopata nembo mara tatu mfululizo lilipaza sauti, nasi tukaandika ubaoni rusho lililofuata tu. Tulitumia kipindi kizima, na sijutii hata dakika moja. Wanyama na nembo walikaribiana. Mvulana yule aliutazama ubao muda mrefu, akaniomba nisifute mpaka amalize kunakili. Alitaka kaka yake auone.